Tulipoanza Kumcheka Mhubiri

Nilipokuwa mtoto viungani mwa Nakuru, filamu ya dini ilikuja na gari. Wageni walitundika shuka jeupe kwenye uwanja wa shule, jenereta ikanguruma, na Yesu akaanza kusema Kiswahili. Ilikuwa ile filamu ya mwaka 1979 inayofuata Injili ya Luka, na hakuna aliyethubutu kucheka hata mkanda ulipokwama. Rafiki zangu Waislamu walikuwa na yao, The Message ya Moustapha Akkad, ambamo Mtume haonekani wala sauti yake haisikiki. Wahusika huikabili kamera kana kwamba wanazungumza naye.

Vichekesho vilikuwa na mahali pake. Vipindi vya Vitimbi na Vioja Mahakamani vilimcheka mlevi, mume mzembe, shahidi mwongo. Sikumbuki tukimcheka mchungaji.

Kisha zikaja kanda za filamu za Nigeria. Mkondo wake ulikuwa umechongwa na Living in Bondage ya mwaka 1992: mtu anamtoa mkewe kafara apate utajiri, mzimu unamwandama, na mwishowe kanisa ndilo linalomwokoa. Baada ya hapo kila kanda ilikuwa na mchungaji anayekemea mapepo hadi yanaanguka kwa moshi na kelele. Moshi tuliucheka sana, mchungaji tulimwamini. Naamini kanda zile ziliwafundisha majirani zetu kuona pepo katika ndoa na biashara zaidi kuliko mahubiri ya Jumapili yalivyowahi kufanya.

Mwaka 2014 mambo yaligeuka. Mwezi Novemba, Mohammed Ali wa kipindi cha Jicho Pevu, katika runinga ya KTN, alirusha uchunguzi kuhusu mhubiri Victor Kanyari. Tuliona jinsi kemikali ya pamanganeti inavyogeuza maji yawe mekundu, yaonekane kama damu inayotoka kwenye miguu ya mgonjwa. Tuliona watu waliodaiwa kupangwa watoe ushuhuda wa uongo. Na tuliisikia ile namba: tuma shilingi 310, upande mbegu ya sadaka, uombewe.

Kesho yake nchi nzima ilikuwa inacheka. Makondakta wa matatu waliitisha nauli ya 310, wachekeshaji wakaosha miguu jukwaani. Uchunguzi ulipaswa kutukasirisha, lakini ucheshi ulitutosheleza. Serikali ilisimamisha usajili wa makanisa mapya mwezi uleule, na mwaka 2016 ikapendekeza kanuni za kuwataka wahubiri wawe na elimu ya theolojia. Viongozi wa makanisa na wa Waislamu wakapinga, Rais Uhuru Kenyatta akaagiza zirudishwe mezani, na hapo zikalala.

Nyumbani kwetu, mzaha huo ulimwangukia shangazi. Alikuwa akituma mbegu, si kwa Kanyari bali kwa mwingine wa redioni. Binamu zangu walimwita "Shangazi Mia Tatu na Kumi" hadi mezani. Nilipomuuliza kuhusu Jicho Pevu alinijibu, "Huyo wa kwenye TV ni mwongo, mwanangu. Wangu si yule." Hakuacha kutuma pesa. Aliacha kutuambia anaombea wapi.

Hilo ndilo ninalolifikiria tangu Aprili 2023, makaburi ya msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, yalipoanza kufukuliwa. Miili zaidi ya 400 ilipatikana. Mhubiri Paul Mackenzie, anayeshtakiwa kwa kuwashawishi wafuasi wafunge hadi kufa, amekana mashtaka. Mahubiri yake yalikuwa YouTube kwa miaka, wazi kwa yeyote. Nadhani wengi walioyakuta waliyapitisha kama kichekesho kingine cha mhubiri, na jamaa za waliokwenda msituni, kama sisi, huenda walikuwa wameshaacha kuambiwa.

Kanyari naye, miaka kumi baada ya Jicho Pevu, alikuwa bado anahubiri, na vijana ambao hawakuuona uchunguzi ule walimjua kama mtu wa kuchekesha TikTok.

Kwa hiyo enyi mnaoandika vichekesho na mnaobeba kamera: mcheni Mungu au msimche, hilo ni lenu, lakini acheni kumcheka mama aliyetuma pesa. Mfuateni aliyezipokea, na mrudi kumfuata tena mwaka unaofuata.