Nyumba ya Bwana Msa

Nilipokuwa mwalimu kijana Kiabakari, mimi na marehemu mke wangu tulisomeana Kisima cha Giningi cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1968, kwa taa ya chemli. Tuliahidiana kwamba nikistaafu tutakwenda Unguja kuitafuta nyumba ya Bwana Msa, yule mpelelezi mwenye kiko. Mwenzangu hakuwahi. Nikaenda peke yangu.

Siku mbili nilizunguka vichochoro vya Mji Mkongwe. Mwishowe nikamuuliza muuza kahawa. Akacheka kwa adabu: "Mzee wangu, Bwana Msa hakujengewa nyumba, aliandikiwa kitabu."

Nami niliyewafundisha watoto miaka yote kutenganisha hadithi na habari! Nikaagiza vikombe viwili. Kumbe nyumba niliyoitafuta ni ile ya Kiabakari, tuliyosomea.