Mwanga Nyuma ya Usukani

Datsun 120Y ya baba ilikuwa na dashibodi ya watu wenye macho makali. Spidometa, geji ya mafuta, geji ya joto la maji, taa chache za onyo, basi. Usiku vyote hivyo viliangazwa na mwanga wa kijani, hafifu kiasi kwamba baba alilazimika kushusha kichwa na kukodoa macho ajue kama mafuta yaliyobaki yangetufikisha Korogwe. Hakuna aliyelalamika. Sisi watoto kwenye kiti cha nyuma tulidhani gari usiku ndivyo linavyokuwa: nje giza, ndani nusu giza, na dereva anasoma kwa kukisia.

Sehemu ya uhafifu ule ilitokana na umri. Nyuma ya vioo vya geji kulikuwa na globu ndogo zisizozidi ncha ya kidole, kila moja na uzi wake wa tangsteni. Uzi ukiwaka hutoa chembe zinazoganda ndani ya kioo, na mwaka hadi mwaka kioo kinazidi kuwa cheusi. Globu haijaungua, bado inawaka, lakini mwanga wake unabaki humo humo ndani. Ukiongeza rangi ya kijani ambayo mwanga ulipaswa kuipenya, na vumbi la barabara zetu lililojipenyeza hadi nyuma ya spidometa, unapata dashibodi ya baba.

Kubadilisha globu hizo lilikuwa jambo dogo, ila zilikuwa hazipatikani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa na uhaba wa karibu kila kitu, kuanzia sabuni hadi betri za redio, na anayetafuta spea ya gari alikuwa akiagizia kwa ndugu anayesafiri. Fundi wetu wa Tanga hakusubiri msafiri. Alichukua globu mbili za taa ya baiskeli, za volti 6, akaziunga kwa mfululizo ili zigawane volti 12 za betri ya gari, kisha akazibana kwa waya na utepe mahali pa globu ya zamani. Ziliwaka vizuri kuliko zile za kiwandani. Tatizo ni kwamba moja ikiungua, na mwenzake anazimika, hivyo upande wote wa geji ya mafuta unaingia gizani kwa pamoja. Baba alijifunza kukadiria mafuta kwa kilomita.

Miaka ya 1990 milango ya biashara ilipofunguka, magari yaliyotumika Japani yakaanza kushuka bandarini kwa wingi. Nilipopata kazi, na mimi nikanunua langu, Toyota Corolla AE100. Dashibodi yake ilikuwa safi na inasomeka, ingawa ulikuwa ulimwengu ule ule wa globu za uzi: kubwa kidogo za aina ya T10 kwa ajili ya kuangaza geji, na ndogo za T5 kwenye baadhi ya alama. Namba hizo zinataja unene wa globu kwa milimita. Baadhi zilivaa vikofia vya mpira wa kijani, na humo ndimo ilimotoka ile rangi.

Wakati huo huo tulianza kuona kitu kingine kwenye magari ya wenye nacho. Gari likizimwa dashibodi ni nyeusi tii. Ukizungusha ufunguo, mishale inawaka kwanza, kisha namba zinajitokeza nyeupe, mchana au usiku. Toyota waliiita Optitron. Ilianza na Lexus LS 400 ya mwaka 1989, kisha ikashuka kidogo kidogo hadi kwenye magari ya kawaida zaidi, na mitumba yake ikatufikia. Mtu akipanda gari la aina hiyo kwa mara ya kwanza, alikuwa anaomba lizimwe na kuwashwa tena ili aone.

Wenye Corolla nasi tukautamani mwanga mweupe, lakini hatukuwa na njia. Taa za LED zilikuwepo tangu zamani. Nick Holonyak wa General Electric alitengeneza LED nyekundu inayoonekana kwa macho mwaka 1962, na hata redio ya gari langu ilikuwa na nukta moja nyekundu ya aina hiyo. Iliyokosekana ni ya bluu yenye nguvu, na bila bluu huwezi kupata nyeupe. Mwaka 1993 Shuji Nakamura, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Nichia huko Tokushima, alitangaza LED ya bluu yenye mwanga mkali. Ukiipaka bluu hiyo unga maalumu unaotoa mwanga wa njano, jicho linaona nyeupe. Mwaka 2014 yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi hiyo. Kufikia hapo, matunda yake yalikuwa yameshamwagika kwenye meza za Kariakoo, ndani ya vifuko vya plastiki, kila jozi na bei ya kujadiliana.

Bluu ndiyo iliyotangulia kuwa fasheni. Volkswagen walikuwa wametoa Golf ya kizazi cha nne mwaka 1997 ikiwa na dashibodi ya bluu na mishale myekundu, na ilipendeza kweli. Vijana wa mjini wakataka hivyo hivyo kwenye magari yao. Mpwa wangu alikuwa mmoja wao. Jioni moja alinijia na gari lake akiwa na furaha isiyo kifani, akaniambia, "Mjomba, panda uone." Nikapanda. Dashibodi iling'aa bluu kama friji ya soda, namba zote zinaonekana. Nikamuuliza, "Sasa mshale uko wapi?" Akatazama, akanyamaza. Mshale wa spidometa ulikuwa umepotea.

Sababu yake ni rahisi ukishaijua. Rangi nyekundu huonekana nyekundu kwa sababu inarudisha mwanga mwekundu. Globu ya uzi inatoa rangi zote, nyekundu kwa wingi zaidi, kwa hiyo mshale unapata cha kurudisha. LED ya bluu haina nyekundu hata chembe. Mshale unaumeza mwanga wote na kubaki mweusi juu ya sahani nyeusi. Kwenye Golf watengenezaji walilijua hilo, wakaupa mshale mwanga wake mwekundu peke yake. Duka lililomuuzia mpwa wangu halikumwambia neno.

Zamu yangu ya kuweka LED ilipofika nilikwenda kwa fundi umeme mmoja wa Gerezani, mzee asiye na haraka. Alianza kwa kutoa waya hasi wa betri. Kisha fremu ya plastiki inayozunguka geji, skrubu za juu, skrubu za pembeni, na kifaa chote kikasogea mbele. Nyuma yake kulikuwa na karatasi nyembamba ya plastiki yenye njia za shaba zilizochorwa, na juu ya karatasi hiyo vishikio vya globu, kila kimoja kinatoka kwa kukizungusha robo duara. Kwenye plastiki, mahali globu zilipokaa kwa miaka, kulikuwa na madoa ya kahawia. Ni kazi ya joto. Globu ya wati 3.4 inakula zaidi kidogo ya robo ampea, na sehemu kubwa ya umeme huo inaishia kuwa joto.

Nilikuwa nimebeba LED zenye jicho moja mbele. Mzee akazirudisha kwenye mfuko. Globu ya uzi, alisema, inamwaga mwanga pande zote, na kuta nyeupe za ndani ya dashibodi zimetengenezwa ziupokee na kuusambaza. Ukiweka LED inayotazama mbele tu, utapata doa kali kwenye namba 80 na giza kwenye 140. Akanipa zenye vipande vya mwanga pande zote, nyeupe yenye unjano, za nguvu ndogo. Alizipachika zote kabla ya kurudisha skrubu hata moja, akarudisha waya wa betri na kuwasha taa ndogo. Kadhaa hazikuwaka. Hakushtuka: LED ina chanya na hasi, tofauti na uzi usiojali umeme unaingilia wapi. Alizitoa zile zilizokataa, akazigeuza nusu duara, zikawaka.

Globu moja aliiacha kama ilivyokuwa: ya taa ya betri, ile inayowaka ukifungua ufunguo na kuzimika injini ikishika. Nilipomuuliza, alinijibu, "Hiyo bosi usiiguse. Hiyo siyo taa tu." Kwenye magari mengi ya zamani, umeme unaoiamsha olteneta, kifaa kinachochaji betri, hupitia kwenye globu hiyo. Ukiweka LED, umeme unaopita unakuwa kidogo mno, na olteneta inaweza kulala hadi ukanyage mafuta kwa nguvu. Wapo waliobadilisha kila kitu kwa pupa, kisha wakanunua betri mpya wakidhani ya zamani imekufa.

Kipimo changu cha kazi yake kilikuwa barabara ya Chalinze kwenda Segera usiku. Ni barabara ya malori mabovu yasiyo na taa za nyuma, ya baiskeli zilizobeba mkaa, na ya vijiji vyenye kibao cha 50 ambapo ukizidisha kidogo umepigwa tochi. Unahitaji kuisoma spidometa kwa kutupa jicho tu, na unahitaji jicho hilo hilo lirudi kwenye giza likiwa bado linaona. Macho huchukua kama nusu saa kulizoea giza kikamilifu. Mwanga mkali mweupe au wa bluu unavuruga mazoea hayo upesi, mwekundu ndio unaoyavuruga kidogo kabisa. Si bure BMW walishikilia dashibodi za rangi ya machungwa kwa miaka mingi. Mwanga wa mzee wa Gerezani ulifaulu. Namba zilisomeka, mshale ulionekana, na kioo cha mbele hakikuakisi chochote. Kasoro ilikuwa kidude cha kupunguzia mwanga: globu za uzi zilikuwa zikififia taratibu, hizi zilibaki pale pale kwa muda, kisha zikazimika ghafla.

Miaka imepita na Corolla ile imeshauzwa. Gari ninaloendesha sasa lina skrini mahali pa geji. Hakuna globu ya kuzungusha wala kikofia cha mpira. LED zake zimechomelewa kwenye bodi, na moja ikifa unatafuta dashibodi nzima ya mtumba, ambayo inaweza kukuletea kilomita za gari la mtu mwingine. Lakini tofauti kubwa kuliko zote ni kwamba dashibodi hii inawaka saa zote. Kwenye magari ya zamani, jioni ikiingia geji zilikuwa zinapotea, na kupotea kwake kulikuambia hujawasha taa za nje. Leo dashibodi inang'aa vizuri, taa za mchana za mbele zinamulika kidogo, dereva anaona kila kitu kiko sawa, kumbe nyuma ya gari lake ni giza tupu. Nimeyakuta magari ya aina hiyo, mapya na ya bei mbaya, saa moja usiku pale Kabuku. Si tatizo letu peke yetu. Kanada iliweka sharti kwa magari mapya kuanzia Septemba 2021: ama taa za nyuma ziwake pamoja na za mchana, ama gari lijiwashie taa lenyewe gizani, ama dashibodi ibaki giza ili dereva ashtuke. Lile giza tulilohangaika kuliondoa, wenzetu wamelipa kazi kisheria.

Kwa hiyo ndugu yangu mwenye gari la zamani, ukitaka kuweka LED, weka. Zinadumu, hazichomi plastiki, na umeme zinakula kidogo. Chagua za mwanga mdogo wenye unjano, zinazomulika pande zote. Zijaribu kabla hujafunga skrubu, na taa ya betri uiachie globu yake. Na wewe mwenye gari jipya, jua likizama usiiulize dashibodi kama taa zimewaka. Shuka, zunguka nyuma, uhakikishe.