Jumapili za Dereva wa Nyakato

Kwenye yadi ya malori walimwita Mchungaji, ingawa hakuwahi kusomea uchungaji wala kuhubiri. Alikuwa mzee wa kanisa katika Africa Inland Church, baba wa watoto saba, na dereva. Nyumba yake ilikuwa Nyakato, Mwanza, karibu na barabara iendayo Musoma. Usiku malori yalipopita yakibadili gia, mkewe alijua kwa mlio tu kama mumewe amerudi au bado.

Alizaliwa upande wa Magu, katika familia ya wakulima wa pamba. Kanisa alilobatizwa lilikuwa tawi la kazi iliyoanzia Nassa, misheni ambayo Africa Inland Mission waliipokea kutoka kwa Church Missionary Society (CMS) mwaka 1909. Gari la kwanza kulipanda lilikuwa lori la ushirika lililokuja kijijini kuchukua pamba. Hiyo ilikuwa miaka ya 1950, wakati Paul Bomani na wenzake walipokuwa wamewaunganisha wakulima wa Kanda ya Ziwa hata wakauza pamba yao wenyewe. Kijana akaomba kazi ya utingo. Alifunga turubai, aliweka jiwe nyuma ya tairi mlimani, alichota maji ya rejeta na kulala juu ya mzigo. Dereva wake ndiye aliyemfundisha kushika usukani, na leseni alipoipata aliifunga ndani ya kitambaa kimoja na kitabu chake cha Tenzi za Rohoni.

Pamba ya Usukumani hununuliwa tangu katikati ya mwaka, mvua zikishakatika, na msimu ukianza lori halina siku ya mapumziko. Pamba itolewe vijijini ipelekwe jineri, marobota yatoke jineri yaende stesheni ya Mwanza, ambako reli ilifika mwaka 1928. Dereva anayependa ibada afanyeje? Huyu alichukua safari za Alhamisi na Ijumaa usiku, zile zilizokimbiwa na wenzake kwa sababu ya usingizi na barabara mbovu, ili Jumamosi jioni awe nyumbani. Hakumwomba bosi upendeleo. Alinunua Jumapili yake kwa usiku wa kazi. Mara nyingi ilifaulu. Haikufaulu alipokwama kwenye foleni ya kivuko kati ya Kigongo na Busisi. Hapo alimwachia utingo gari, akatafuta ibada iliyo karibu, akaketi benchi la nyuma na ovaroli yake.

Mwishoni mwa 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, malori ya umma na ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba wanajeshi na vifaa. Naye alikwenda na lori lake. Krismasi ile watoto walikwenda kanisani na mama yao, naye hakupenda baadaye kusimulia aliyoyaona huko. Alileta senene na kunyamaza.

Baada ya vita mafuta yakawa haba. Serikali ikazuia magari yasiyo na kibali kutembea kuanzia saa nane mchana ya Jumapili mpaka asubuhi ya Jumatatu. Nchi ilikuwa katika dhiki; sabuni na sukari vilipangiwa foleni, na hakuna haja ya kuipamba miaka ile. Lakini kwa watoto wa dereva saa nane ilikuwa na maana yake: baba haendi popote. Alirudi kutoka kanisani kwa miguu, akavua viatu, akawasikiliza mmoja mmoja wakisoma kwa sauti. Mwandishi wa makala haya, aliye mmoja wao, alijifunza kusoma magotini pake Jumapili hizo.

Miaka ya 1990 mashirika mengi yalipunguza watu, naye akapunguzwa. Mafao yalichelewa sana. Akapata Hiace ya mtu mwingine, akawa anabeba abiria kati ya Igoma na mjini, akipeleka hesabu kila jioni. Mwenye gari alitaka hesabu siku saba. Jumapili asubuhi ilikuwa na abiria wengi. Mzee akatafuta deiwaka, kijana Mwislamu wa mtaa wa pili, wakapatana: Jumapili mpaka mchana kijana ashike usukani, na Ijumaa mzee asimalize zamu yake saa sita bali aendelee mpaka kijana atoke msikitini. Wengi wamezungumza juu ya kuvumiliana kwa dini Tanzania. Pale Nyakato jambo hilo lilikuwa na saa zake, na hesabu haikupungua.

Jumanne tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, imetoka Bukoba na kupitia Kemondo. Waliokufa walikuwa mamia. Miili ilipelekwa uwanja wa Nyamagana ili ndugu waitambue, na wengi walizikwa Igoma, mwisho wa njia ile ile ya Hiace. Watu waliendelea kuingia mjini wakiuliza ndugu zao wapo wapi. Jumapili iliyofuata kijana alifika alfajiri kama kawaida kupokea ufunguo. Mzee hakumpa. Alimwambia apande naye awe konda, na asimtoze nauli mtu yeyote aliyefunga khanga ya msiba. Walizunguka kutwa kati ya mjini na Igoma, na hesabu ya siku ile mzee aliilipa mfukoni mwake. Wazee wenzake walipomuuliza kwa nini hakuonekana ibadani, alijibu kwamba ibada ilikuwa Igoma. Hakuna aliyemwuliza tena.

Aliendesha mpaka macho yalipomwonya, akaacha mwenyewe kabla hajaambiwa. Alifariki kabla Daraja la John Pombe Magufuli halijafunguliwa, Juni 2025, pale kati ya Kigongo na Busisi. Kijana wake mdogo sasa hupita darajani na lori lake kwa dakika chache tu. Alipokuwa akitafuta kazi hiyo, baba alimshauri jambo moja: asizungumzie mshahara kwanza, aulize siku ya mapumziko. Akauliza. Wakampa Jumapili mbili kwa mwezi, na mzee akasema aanze nazo, nyingine atazitafuta kwa safari za usiku.