Garsen: Kutoka Lami Hadi Mlangoni

Asafiriye kwa barabara kwenda Lamu huijua Garsen kuwa njia panda: huku Malindi, huku Witu, huku Hola na Garissa. Hapo ndipo tuliposhuka mimi na shangazi yangu, atembeaye kwa kiti cha magurudumu, tukiwa na haja katika ofisi moja ya umma.

Juu ya lami kiti kilikwenda vyema. Taabu ilianza lami ilipokoma. Udongo wa bonde la Tana ni mweusi, wa mfinyanzi. Ukikauka hupasuka nyufa zinazonasa gurudumu dogo la mbele, na mvua ikinyesha hunata kama gundi. Kisha ngazi. Majengo mengi hapa huinuliwa juu ya msingi mrefu, na wajenzi wana hoja: mafuriko ya 1997 na ya 2018 hayajasahauliwa. Ila msingi huohuo humzuia asiyeweza kupanda.

Mteremko wa saruji ulikuwapo, tusidhulumu. Ulianzia topeni ukaishia kwenye mlango wenye kufuli. Vijana wawili wakaja kumbeba. Shangazi akalikamata buibui lake, akasema, "Niacheni, wanangu. Mwiteni karani aje nje." Karani akaja, akaandika amechuchumaa juani, watu wakisikiliza kila jibu.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kufika mahali pote kwa namna ifaayo. Njiani kurudi, shangazi aliuliza jambo moja tu: ufunguo wa kufuli ile anao nani?