Kuponi za Chakula Katika Safari ya Watoto: Je, Kulipia Kabla Kuna Faida?



Ndugu zangu wazazi na wanafunzi wa Busia na Tororo, kila likizo ya Agosti inapokaribia naulizwa swali lile lile: "Ustadhi, tukiwapeleka watoto kwenye bustani ya michezo, tununue na kuponi za chakula, au watoto wale kivyao?" Mwaka jana madrasa yetu ililazimika kulijibu kwa pesa, si kwa maneno. Nimeona niandike hesabu tuliyoifanya, huenda ikamfaa mwenye kupanga safari kama ile.

Tulikuwa na watoto 46 na wakubwa sita. Wengine wanatoka Busia ya Uganda, wengine ng'ambo ya pili Busia ya Kenya, na wengine Tororo. Nia ilikuwa kwenda Kampala, kama kilomita 200, watoto wauone Msikiti Mkuu wa Old Kampala uliofunguliwa rasmi mwaka 2008, wapande mnara wake wenye ngazi zaidi ya 300, kisha jioni wacheze katika bustani moja ya michezo. Gari na viingilio vya msafara mzima, tukigawa kwa watoto, ilikuwa shilingi 45,000 za Uganda kwa kila mtoto.

Bustani ikatuletea pendekezo la chakula. Kila mtu alipiwe 20,000 kabla ya siku ya safari, apewe kuponi ya sahani moja ya chipsi na kuku, soda, chupa ya maji na aiskrimu. Vitu hivyo ukivinunua pale pale dirishani ni 21,500. Wajumbe wa kamati wakafurahi: "Tumepunguziwa 1,500 kila mtu!"

Hapo ndipo ninapoomba tutulie kidogo. Waswahili wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Punguzo linahesabiwa kutoka bei ya nani? Ni bei ya muuzaji mwenyewe. Swali la mzazi ni jingine: mtoto wangu atakula nini hasa siku hiyo, na kitu hicho kingenigharimu kiasi gani mahali pengine? Mtoto wa miaka saba hamalizi robo kuku na chipsi na soda na aiskrimu kwa mara moja, hasa akiwa na hamu ya kurudi kwenye bembea. Atakula nusu, iliyobaki itamwagwa. Umelipa 20,000, naye amekula ya 10,000.

Biashara hii haikuanzia Kampala. Bustani za Walt Disney kule Florida, Marekani, zilianzisha mpango wa namna hii mwaka 2005, zikausimamisha mwaka 2020 wakati wa korona, na ukarudi Januari 2024. Familia hulipia kabla idadi ya milo na vitafunio kwa siku watakazolala hotelini. Ile ambayo haikuliwa hufutika usiku wa manane wa siku ya kuondoka, na pesa hairudi. Wapo wanaopata faida, nao ni wale wanaokula kila walichokilipia na kuchagua vyakula vya bei ya juu. Asiyekula sana hulipia sahani zisizofika mezani kwake. Mpango ni mmoja, awe Florida au Kampala.

Je, dini yetu inakataza kulipia chakula kabla? La. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda mwaka mmoja na miwili kabla ya kuyapokea. Hakuwazuia, bali aliwawekea masharti: kipimo kijulikane, uzani ujulikane na muda ujulikane. Hadithi hii ya Ibn 'Abbaas imo katika Bukhari na Muslim. Basi tusiikimbie kuponi kwa kuwa ni kuponi, wala tusiinunue kwa kuwa ni nafuu. Tuulize yanayotakiwa kujulikana.

Na wale wanaosema "lipa ukale ushibe" bila kipimo? Wanachuoni wamelizungumza hilo. Sheikh Ibn 'Uthaymiyn (Rahimahu Allaah) aliona kuwa jambo hili linasamehewa, kwa sababu kiasi anachokula mtu kinajulikana kwa kawaida. Ila alisema kuwa anayejijua ni mlaji sana amweleze mwenye mgahawa, kwani watu hutofautiana. Tazameni uadilifu huo: mnunuzi naye anatakiwa asimdhulumu muuzaji.

Tukawauliza watu wa bustani mambo manne.

Kwanza, kuku amechinjwa na nani, na jiko lile linapika nini kingine? Walisema kuku ni halali. Tulipouliza kuhusu jiko, tukaambiwa siku za Jumamosi na Jumapili wateja wengine hupikiwa nguruwe humo humo. Hawakutuficha, na tunawashukuru kwa ukweli wao, lakini jibu hilo lilitosha kututia shaka.

Pili, chakula kinatolewa saa ngapi? Saa sita hadi saa nane mchana. Sasa mjue msafara wetu: watoto wa upande wa Kenya wanahitaji barua za wazazi na karatasi za kuvukia. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Busia mwaka 2018 kimerahisisha mambo, lakini foleni ni foleni. Basi likichelewa, kuponi zimekufa.

Tatu, mtoto akiugua asubuhi ile, pesa yake itarudi? Hairudi.

Nne, tunaweza kuingia na chakula chetu? Hapana, ila maji ya kunywa tu.

Wapo wazazi waliosema tupike pilau nyumbani usiku na kuliweka ndani ya basi tule njiani. Nikawaambia wali uliopikwa alfajiri ukafunikwa moto hadi saa saba mchana ni hatari kwa matumbo ya watoto. Urahisi wa bei usituletee wagonjwa.

Lakini jambo lililonikosesha usingizi halikuwa kuku wala wali. Katika wale 46, watoto 11 wazazi wao hawakuweza kutoa chochote. Wengine ni mayatima. Safari pamoja na kuponi ilifika 65,000 kwa mtoto, na wazazi wa watoto 35 walikuwa tayari kuitoa. Mjumbe mmoja akashauri kwamba wasioweza waende, lakini wasinunuliwe kuponi, wabebe mandazi yao. Nikasema hilo halitakuwa. Mtoto aliyekaa na mandazi baridi akimtazama mwenzake wa juzuu moja akila kuku hatakumbuka mnara wa msikiti wala bembea. Atakumbuka sahani ile. Ima wote wale chakula kimoja, au tusiende.

Tukarudi kwenye daftari. Kuponi za watu 52 ni 1,040,000. Ukijumlisha gari na viingilio, 2,070,000, unapata 3,110,000. Michango ya watoto 35 ni 2,275,000. Pengo ni 835,000.

Kisha tukatafuta njia nyingine. Kupitia jamaa zetu wa Kampala tulimpata mama mmoja wa Kiislamu anayepikia shughuli karibu na msikiti. Akakubali pilau la nyama, ndizi moja na chupa ya maji kwa 7,000 kwa mtu, sahani 52, saa saba na nusu mchana baada ya swala. Nusu ya pesa tulimlipa kabla, nusu baada ya kula, na idadi tungeweza kuibadilisha hadi usiku wa kuamkia safari baada ya 'Ishaa. Tukaandikiana. Jumla 364,000. Ndani ya bustani tukaamua kila mtoto anunuliwe aiskrimu moja ya 3,000, jumla 138,000. Chakula chote kikawa 502,000, na pengo likashuka hadi 297,000.

Mnaona? Laki nane ingetushinda, tungewaacha watoto. Laki tatu kasoro inachangika, na alhamdulillaah ilipatikana.

Lipo jambo la amana hapa. Wale wazazi 35 walitoa 65,000 wakijua ndani yake mna kuponi. Chakula kilipobadilika, hatukuwa na haki ya kuichukua ziada na kuwalipia wengine kimya kimya, hata kama ni kwa kheri. Tuliwaita, tukawasomea hesabu, tukawaambia anayetaka ziada yake arudishiwe. Wote waliridhia ibaki, bila ya majina ya watoto waliosaidiwa kutajwa.

Usiku wa kuamkia safari watoto watatu walikuwa na homa. Tukampigia mama mpishi, akapunguza sahani tatu. Kwa kuponi, 60,000 ingekuwa imepotea. Na mpakani tulichelewa kama tulivyohofia, lakini pilau lilitungoja.

Kwa hiyo wewe mzazi unayekwenda na watoto wako wawili watatu, sisemi kuponi ni mbaya. Ikiwa mtakaa bustanini kutwa, watoto ni wakubwa na wanakula vizuri, jiko mnaliamini, na muda wa kula ni mpana, huenda ikawafaa. Andika kwenye karatasi kile watoto wako watakachokula kweli, kwa bei ya dirishani, kisha linganisha na bei ya kuponi. Ikiwa tofauti ni ndogo, baki na pesa yako mkononi, maana pesa inaweza kugeuzwa kuwa chochote lakini kuponi ni kuponi tu. Ukiinunua, usimlazimishe mtoto ale kupita shibe kwa sababu umelipia. Kwenye kundi, hesabu kwanza asiye nacho, kisha ndipo uhesabu punguzo.

Allaah Atujaalie tuwafurahishe watoto wetu kwa halali na bila israfu, na Atulinde katika safari zetu. Aamiyn.

Wassalaamu 'alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.