Bustani ya Mshairi Aliyefukuzwa

Mwaka 1856 Utagawa Hiroshige alibuni picha ya bustani ya hekalu la Kameido Tenjin mjini Edo, jiji ambalo leo ni Tokyo. Ni mojawapo ya picha za mfululizo wake wa mandhari mashuhuri za Edo. Mchongaji aliuhamishia mchoro kwenye vibao, na mpiga chapa akaitia karatasi rangi, kibao baada ya kibao. Mbele yananing'inia mashada ya maua yaitwayo fuji. Nyuma yake daraja limebinuka kama upinde juu ya maji, na ng'ambo watu wameketi kustarehe. Hekalu hakuliweka mbele.

Nina nakala yake ukutani, na naithamini kwa ajili ya yule aliyejengewa hekalu hilo: Sugawara no Michizane, msomi na mshairi aliyezaliwa mwaka 845. Mwaka 901, kwa fitina za wakubwa wa dola, aliondolewa Kyoto akapelekwa Dazaifu, na huko akafa mwaka 903. Baadaye misiba iliwaandama wakubwa wale. Mwaka 930 radi ikalipiga kasri la mfalme. Watu wakasema ni ghadhabu ya marehemu. Cheo alikuwa amekwisha kurudishiwa; wakamwabudu kwa jina la Tenjin, na hata leo wanafunzi humwomba kabla ya mitihani.

Mjomba wangu alikuwa mwalimu na malenga. Shairi lake moja liliwaudhi wakubwa wa shule, akaachishwa kazi. Mwaka jana, yeye akiwa kaburini, shule ile ile iliniomba nitunge shairi la kumsifu. Beti za kwanza zilikuwa matusi matupu: vina vimekaa, mizani imetimia, lakini mjomba hayumo. Wamo mahasimu wake tu.

Nikaitazama tena ile picha. Dhuluma haikuchorwa, wala haikufichwa: jina la Tenjin limeandikwa pembeni, na ajuaye anajua. Kinachoonekana ni kile alichopewa aliyedhulumiwa: maji, maua, na watu waliokuja kuketi.

Nikatunga beti sita juu ya mwembe ambao mjomba alitufundishia vina chini yake. Kibwagizo kiliitaja siku aliyokabidhi funguo za darasa, bila neno zaidi. Siku ya hafla, kufikia ubeti wa tatu, wanafunzi walianza kukiitikia. Ubeti wa tano, wakubwa wao nao wakaitikia.