Usifute Ile ya Kwanza

Naona picha zenu za Jumapili zimegeuka michoro: kwaya imepakwa rangi za mafuta, mashemasi wana mawimbi ya samawati usoni kama anga la Van Gogh. Zinapendeza, wala sikatazi. Bezaleli alijazwa Roho apate ustadi wa usanii (Kutoka 31).

Lakini elewa kinachofanyika. Mwaka 2015 watafiti wa Tübingen, Ujerumani, walionyesha jinsi kompyuta inavyochukua umbo kutoka picha moja na mtindo kutoka mchoro mwingine, ikaviunganisha. Mwaka uliofuata programu ya Prisma ikaleta jambo hilo kwenye simu. Kwa hiyo umbo la mama yako linabaki: kichwa, kitambaa, mabega. Kinachopotea ni vile vidogo. Kovu la shavuni. Makunyanzi ya macho. Mikono iliyochuma chai ndipo wewe ukasoma. Hapo panajazwa mipigo ya brashi ya mtu ambaye hakumjua mama.

Nimeketi na familia ikitafuta picha ya kijitabu cha mazishi. Simu ilijaa picha za marehemu, zote michoro. Binti alipitisha kidole, akarudi nyuma, akaniuliza, "Pasta, kweli hakuna hata moja anaonekana vile alikuwa?"

Pamba utakavyo, mpendwa, ila ile ya kwanza usifute. Na ukienda nyumbani wiki hii, mpige mama moja karibu na dirisha, bila kuongeza kitu, hata akilalamika kwamba hajavaa vizuri.